Siku Silantoi Aligeuza Kadi

Nianze kwa kukubali: hii hadithi inanifanya nikae fala. Nimejaribu kuiandika mara tatu kwa njia ya kunifanya nikae mjanja, ikakataa. Kila nikifika katikati, fala ni mimi. Kwa hivyo nimeiacha iende vile ilienda. Chekeni, lakini mmalize kusoma.

Naitwa Mwangi, Kitengela wananiita Mwas. Mimi ni mstaafu. Najua mstaafu huwa na mvi na fimbo, na mimi niko na miaka thelathini na moja na meno yote, lakini Profesa Nyokabi alipostaafu ofisi yetu ilifungwa, na dereva wa mstaafu pia ni mstaafu. Miaka nane tumezunguka Kajiado tukipima watoto kusoma. Yeye ameandika vitabu kuhusu hiyo kazi. Mimi shule nilifika darasa la nane tu. Juzi akanipigia simu: "Mwangi, kuna vijana wapya wanachukua hiyo kazi. Waandikie kitu. Na usiwaandikie uongo." Hiyo sentensi ya mwisho ndio imenichelewesha.

Siku ya kwanza nilienda kutafuta kazi ya udereva. Ofisi ilikuwa juu ya duka ya chakula ya kuku, kwa hivyo elimu yetu yote, tangu mwanzo mpaka mwisho, ilinuka layers mash. Prof hakuniuliza leseni. Alinipatia gazeti akasema, "Soma hapa." Nikasoma. Maze, nilisoma! Sauti nzito kama ya mtu wa habari ya saa moja, sikuruka hata koma.

"Umesoma vizuri sana," akasema. "Sasa weka gazeti chini. Imesema nini?"

Nikamwangalia. Nikaangalia dirisha. Nikamwambia, "Prof, mimi nilikuwa nasoma, sikuwa nasikiliza."

Alicheka mpaka akatoa miwani. Halafu akaacha kucheka ghafla, akaniambia watoto wengi wa hii county husoma hivyo hivyo, na yeye amefanya kazi miaka yote akitafuta kwa nini. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa kwa usukani.

Mjue huyu mama kidogo. Kabla ya kuwa profesa alifundisha darasa la kwanza huko Kimuka, watoto sabini na ubao moja yenye shimo. Mpaka anastaafu, kwa handbag yake hungekosa chaki. Sijui alikuwa anangoja ubao itokee wapi. Akiingia darasani alikuwa anaenda kukaa nyuma kabisa na watoto, magoti yamegusa kidevu, na mwalimu akimletea kiti anasema, "Hapana, kutoka hapa ndio nataka kuona." Ningesikia hayo maneno vizuri, singekuwa naandika hii.

Nilikuwa dereva tu miezi michache. Kulikuwa na wasaidizi wawili wa degree. Mmoja wao, Brayo, aliona barabara ya Mashuuru mara moja akakumbuka ako na allergy ya vumbi. Prof akageuka akaniangalia.

"Mwangi, unajua kuhesabu mpaka sitini?"

"Hata sabini, Prof."

Hivyo ndivyo niliingia kwa utafiti.

Kazi yenyewe mnaijua, lakini wacha niseme kwa lugha ya kwetu. Mtoto anapewa kadi iko na hadithi fupi. Yetu ilikuwa ya mama alienda kisimani akasahau kamba. Mtoto anasoma dakika moja, wewe uko na stopwatch shingoni, neno akikosea unapiga mstari kwa fomu yako. Halafu unamuuliza maswali, ujue kama alisoma ama alikuwa mtu wa habari kama mimi. Akisoma kadi yote na ajibu, anapewa kitabu kimoja ya hadithi aende nayo nyumbani, na Prof anaandika jina yake ndani kwa peni. Hiyo ilikuwa sheria ya Prof mwenyewe. Msiichukulie kawaida hiyo kitabu. Kuna manyumba tulienda hiyo ndio ilikuwa kitu ya kwanza yenye maandishi kuingia, ukitoa pakiti ya majani chai.

Nyinyi mko na tablet, poa. Lakini tablet haitawaambia haya. Keti chini. Ukikaa kwa kiti ya mwalimu mkuu, mtoto atasoma kiatu yako. Miwani ya jua wacha kwa gari, hata kama inakupendeza, na najua inakupendeza. Stopwatch usibonyeze ukisema "soma". Bonyeza mdomo ya mtoto ikifunguka. Kuna watoto huvuta pumzi kwanza kama mtu anaruka mto. Penseli isitulie wala isikimbie, kwa sababu mtoto akigundua penseli hutembea akikosea, ataacha kadi aanze kusoma penseli.

Na mtoto wa Kimaasai akija mbele yako atakuinamishia kichwa. Mguse kichwa, ndio ameamkiwa, sasa anaweza kuongea. Usipomgusa mtakaa hapo mpaka jioni, yeye akingoja salamu na wewe ukingoja maneno. Mara ya kwanza niliona aibu, nilikuwa na miaka ishirini na tatu na nikajiona mzee wa boma. Baadaye nikazoea. Ukweli, nikapenda. Kitengela hakuna mtu hunipea hiyo heshima, hata kondakta.

Sasa tuende Illasit, kwa sababu huko ndiko kichwa yangu iliharibikia.

Kulikuwa na shule moja huko, jina naiacha. Mtoto wa kwanza akasoma kama maji. Wa pili kama maji. Wa tatu macho yake yalikuwa nje anaangalia punda, na mdomo bado inasoma. Nikasema, hapa kuna kitu. Kijana wa nne akiwa katikati ya hadithi, nikamtoa kadi kwa mkono pole pole, nikamrudishia ikiwa kichwa chini. Hakushtuka. Akaendelea na mama na kisima na kamba mpaka mwisho, akasema, "Asante mwalimu."

Kumbe mtu alikuwa amenakili kadi yetu mwaka uliopita, na watoto wameimbishwa muhula mzima. Prof alipoona nilichofanya aliniambia, "Mwangi, hiyo haiko kwa kitabu yoyote. Umeitoa wapi?" Nikamwambia kwa kichwa. Nikavimba. Kurudi Kitengela niliendesha gari kama nimebeba rais na rais ni mimi. Kutoka siku hiyo nilikuwa daktari wa kukariri. Chini ya fomu kulikuwa na nafasi ya maoni, na mimi nikaanza kuijaza kwa herufi kubwa: AMEKARIRI.

Muhula uliofuata tukaenda shule moja ndogo mbele ya Mashuuru, mahali barabara huacha kujifanya barabara. Mwalimu wa darasa la pili alikuwa kijana wa rika yangu, Semeyian. Prof alienda kwa ofisi ya mwalimu mkuu kuangalia rejista. Mimi nikaweka meza yangu nje kwa kivuli ya ukuta, box ya vitabu karibu na mguu. Semeyian akanivuta kando.

"Bro, kuna msichana mmoja nataka ujue kabla hujaanza."

"Usiniambie, utaniharibia test."

"Nakwambia tu. Anaitwa Silantoi. Alianza shule kama amechelewa. Baba yake amesikia nyinyi hupeana kitabu. Amemwambia akirudi na hiyo kitabu, anaendelea na shule. Akirudi mkono mtupu, kesho anafuata mbuzi, na shule imeisha."

"Na anajua kusoma?"

"Wewe msikilize."

"Kila mwalimu huniambia hivyo, bro."

"Mimi si kila mwalimu," akasema, akarudi darasani kwa wengine.

Silantoi akaja. Miaka kama kumi, mrefu kuliko darasa lake, sweta imeisha kwa viwiko. Akainamisha kichwa, nikamgusa. Nikampatia kadi. Akaishika kwa mikono miwili, akaiangalia, halafu akaigeuza. Kichwa chini kabisa. Akaiweka kwa magoti vizuri, kama mtu ametandika kitanda, akaweka kidole.

Nikabonyeza stopwatch kwa mazoea tu. Akasoma yote. Hakukosa neno. Kwa nukta alipumzika, kwa swali sauti ilipanda. Alimaliza dakika ikiwa bado.

"Mama alienda wapi?"

"Kisimani."

"Mbona akarudi?"

"Alisahau kamba."

Mimi nilikuwa nashindana na kicheko. Nikajiambia, wale wa Illasit angalau walingoja niwageuzie mimi. Hapa hata hawajafundishwa kushika kadi!

"Silantoi, nani alikufundisha hii hadithi?"

"Hakuna mtu."

"Sema ukweli."

"Nimesoma."

"Umesoma wapi?"

"Hapa." Akanionyesha kadi, kama mtu anaonyesha kipofu mlango.

Nikamtolea ile smile ya polisi. Nikaandika AMEKARIRI. Nikamwambia anaweza kwenda. Hakwenda. Alikuwa anaangalia box karibu na mguu yangu.

"Na kitabu?"

"Kitabu ni ya wenye wamesoma."

Hakulia. Angelia pengine ningeshtuka. Aliniangalia kidogo, halafu akatembea mpaka geti, akatoka, akashika njia ya nyumbani. Na mimi nikaita, "Next!"

Tulipomaliza ilikuwa saa nane na nusu. Semeyian akatoka darasani, akatafuta kwa macho.

"Silantoi ako wapi?"

"Ameenda nyumbani."

"Na kitabu?"

"Matokeo ni ya ofisi, mwalimu," nikamwambia, kwa ile sauti ya ofisi. Nikawasha gari. Kwa kioo nilimwona amesimama tu, mikono kiunoni, vumbi inampanda.

Hatukuwa tumeenda mbali nikaanza kumpigia Prof story. Hiyo ilikuwa kazi yangu nyingine, kumchekesha njiani.

"Prof, leo nimepata kali kuliko ya Illasit. Msichana ameshika kadi kichwa chini mwenyewe! Na anasoma tu, kamba, kisima, hana habari!"

Prof hakucheka. "Alikuwa anaangalia wapi?"

"Kwa kadi, Prof. Huyu alikuwa anajua kuigiza. Hata kidole aliweka."

"Kidole kilikuwa kinaenda wapi?"

"Hapo ndio utacheka. Ilikuwa inatoka kulia ikija kushoto! Na mstari akimaliza anapanda juu, hashuki!"

Prof akauliza pole pole, "Na kadi ikiwa kichwa chini, Mwangi, maneno yanatoka wapi yakienda wapi?"

Nikaanza kujibu. Nikageuza kadi kwa akili yangu. Mguu yangu ikatoka kwa accelerator yenyewe.

"Geuza gari," Prof akasema.

Semeyian alikuwa anafunga mlango wa darasa. Prof hakumsalimia, kitu sijawahi kuona akifanya. "Mwalimu, Silantoi huketi wapi?" Tukaingia. Darasa la pili lilikuwa na meza ndefu nne, viti vimezunguka kila meza, na katikati ya kila meza kitabu kimoja ya kusoma, kimefungwa kwa kamba mpaka mguu wa meza kisipotee. Kitabu kimoja, watoto wanane. Vitabu vyote vilikuwa vimeangalia upande wa mlango.

Semeyian akaenda akasimama upande ule mwingine. "Hapa. Alikuja wengine wakiwa wameshakaa, akapata penye palibaki."

"Na kwa ubao?"

"Ubao anasoma kama kila mtu. Kwa kitabu mimi huwa nimesimama huku kwa mlango, nasikia tu anasoma vizuri kuliko wote. Sijawahi fikiria…" Prof alikuwa ameshakaa kwa kiti ya Silantoi, magoti kwa kidevu, anaangalia kitabu kutoka hapo, maandishi yote kichwa chini. Alikaa sana. Mimi nilisimama naangalia viatu vyangu. Vilikuwa vichafu.

Semeyian akapanda gari akatuonyesha njia. Tukafika kwao jua bado iko juu. Baba yake alikuwa amebeba pampu mgongoni, ananyunyizia mbuzi dawa ya kupe, na Silantoi ndiye alikuwa anawashika pembe mmoja mmoja. Kazi mpya ilikuwa imeshaanza, haikungoja kesho. Nyanya yake, wanamwita Koko, alikuwa amekaa kwa stuli mlangoni.

"Supa," Prof akamsalimia.

"Ipa," Koko akaitikia. "Nyinyi ndio wa kitabu?"

"Ndio sisi."

"Mtoto amerudi bila."

"Amerudi bila kwa sababu ya huyu," Prof akasema, akaninyooshea kidole. Nilitamani mbuzi wanile.

Baba Silantoi akasikiliza yote, Semeyian akimweleza kwa Kimaa. Akatikisa kichwa. "Mama, mimi nilitoa neno langu. Asubuhi mnasema hajui, saa hii mnasema anajua. Kesho mtasema nini? Na kama alikariri karatasi yenu, mimi sijasoma, nitajuaje?"

"Hiyo ni haki," Prof akasema. "Lete karatasi yako wewe."

Karatasi hakukuwa. Akaangalia huku na huku, akachukua chupa ya dawa ya kupe, akahakikisha kifuniko kimekaza, akampatia msichana. Silantoi akaigeuza kichwa chini. Akaweka kidole.

"Vaa glavu. Pima dawa kwa kifuniko. Changanya na maji safi kwa pampu."

"Mm," baba akasema kila mara, kwa sababu hayo kijana wa agrovet aliyemuuzia dawa alikuwa amemwambia.

"Mnyweshe mnyama maji kabla ya kumnyunyizia. Usinyunyizie jua ikiwa kali."

Hakusema mm. "Soma tena hapo."

Akasoma tena, maneno yale yale.

"Hiyo yule kijana hakuniambia," akasema. Akaangalia mbuzi. Akaangalia jua. "Hawa hawajakunywa tangu asubuhi." Akateremsha pampu mgongoni, akaiweka chini.

Koko akasema kitu kwa Kimaa na wote wakaangua kicheko. Semeyian akanitafsiria: "Anasema mbuzi wamepata mtu wa kuwasemea."

Baba Silantoi sasa akanigeukia mimi. "Na huyu kijana? Yeye anajua kusoma?"

Prof, bila huruma, akanitoa stopwatch shingoni. "Mwangi, shika chupa. Kichwa chini. Dakika moja."

"Prof, si lazima…"

"Anza."

Vijana, mjaribu nyumbani. Nilianza "u… usi… usini…" kama gari inawashwa kwa baridi. Herufi zote zilikuwa za kwetu na hakuna hata moja ilinijua. Dakika ikaisha niko na maneno tisa, moja yake nilitunga. Silantoi alikuwa amenikazia macho kwa masikitiko kabisa. Akamuuliza Semeyian, si kwa sauti ndogo:

"Kumbe yeye anajua upande mmoja tu?"

Nilienda kwa gari nikaleta kitabu. Prof akaandika jina. Mimi nikampatia kwa mikono miwili, nikamwambia mbele ya baba yake, "Silantoi, ulisoma yote. Mimi nilikosea." Akainamisha kichwa. Nilimgusa, lakini siku hiyo nilihisi ni mimi ningeinamisha. Baba akachukua kitabu, akafungua karatasi moja moja mpaka ya mwisho, akamrudishia. Akamwambia Semeyian, "Kesho nitatafuta mtu mwingine wa mbuzi."

Kwa gari nikatoa ile fomu na rubber nifute AMEKARIRI. Prof akanishika mkono. "Usifute. Piga mstari moja, andika kilichotokea, weka sahihi yako." Nikaandika. Ilijaa nyuma ya fomu pia. Na kwa fomu ya muhula uliofuata kukatokea swali mpya hapo juu kabisa: mtoto huketi upande gani wa kitabu? Bado liko kwa tablet zenu. Kama mlikuwa mnajiuliza ni fala gani aliwaletea hilo swali, sasa mnajua.

Kabla ya kufunga ofisi tulipita huko kusalimia. Silantoi alikuwa darasa la nne. Tulimpata nyumbani, amepiga magoti mbele ya Koko, kitabu iko kwa mapaja ya Koko, imeangalia Koko. Yeye alikuwa anasoma kutoka upande ule mwingine, kidole ikitoka kulia ikija kushoto, na Koko anafuata hiyo kidole na macho, midomo yake ikitembea nyuma kidogo.

Mimi sijui kunyamaza. Nikamwambia, "Silantoi, kitabu ni yako sasa, hakuna mtu wa kukunyima upande. Si uigeuze?"

Hakuinua hata kichwa.

"Nikigeuza," akasema, "Koko ataona nini?"